Siku Nne Bila Kuzima

Kila siku ya shule, ikifika saa tisa na nusu alasiri, Jemadari aliingia nyumbani, akavua viatu mlangoni, akatundika mkoba na kushika sumaku. Hakuwa mwanasayansi. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana: cherehani ya kukanyaga dirishani, meza ya kukatia katikati, na sakafuni pini. Pini zisipookotwa kwa sumaku, huokotwa na nyayo. Jemadari alishawahi kuokota mbili kwa kisigino, na tangu hapo kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote.

Baada ya pini alifagia nyuzi, akaosha vyombo vya mchana, akafanya kazi za shule. Ndipo mama alipotazama saa ya ukutani na kutamka maneno matamu kuliko yote:

"Haya, Jemadari. Saa moja yako. Dakika sitini, si sitini na moja."

Jina hilo alipewa na mjomba wake, siku alipomletea mashine ya gemu aliyokuwa ameitumia mpaka akaichoka. Gemu yenyewe ilikuwa moja tu, ya vita, lakini si ya kurukaruka na kupiga ngumi. Unaanza na wafanyakazi sita katikati ya ardhi iliyofunikwa ukungu. Unawatuma wakate miti, wabebe mawe, walime ngano. Unajenga ghala, kisha kambi, kisha minara, na ukiwa umeshiba ndipo unapotafuta ngome ya adui. Na hakuna zamu. Wewe ukijikuna, adui anajenga. Ukienda kunywa maji bila kubonyeza kitufe cha kusimamisha, ukirudi unakuta amevuka mto na anakula ngano yako.

Mashine hiyo ilikuwa na ugonjwa mmoja: haikumbuki. Kadi ya kuhifadhia ilikufa zamani. Ukiizima, vita vyote vinafutika, na kesho unaanza hatua ya kwanza, wewe na wafanyakazi wako sita na ukungu wako. Hatua zilikuwa saba. Kwa dakika sitini, Jemadari hakuwahi kuvuka ya nne.

Hilo lingekuwa jambo dogo kama si Redio. Redio alikuwa msichana wa darasani kwake, na jina lake alilipata kihalali: ukimwambia jambo asubuhi, kufika mchana limeshatangazwa mpaka kwa mpishi wa shule.

"Hatua ya saba haipo," Redio alisema Jumatatu moja wakati wa mapumziko. "Kaka yangu alifika ya tano, akaweka pedi ya kuchezea chini akalia."

"Ipo, na nitaimaliza," Jemadari alijibu.

"Wewe? Wewe hata foleni ya maji huimalizi."

Watu wakacheka. Jemadari akahisi masikio yanamchemka. "Jumamosi njoo nyumbani uone kwa macho yako. Na kaka yako umlete, alie tena."

Maneno yakawa yametoka. Kengele ilipogonga, darasa zima lilikuwa limealikwa.

Alasiri hiyo Jemadari alicheza kama moto wa kifuu. Mama alikuwa mezani anakata kitambaa cheupe, mkasi unakwenda kra, kra, kra. Alikuwa amepata kazi kubwa: magauni kumi na manane ya wauguzi waliokuwa wanahitimu chuo. Yalitakiwa Ijumaa saa nane mchana, kwa sababu mahafali yalikuwa Jumamosi. Dakika sitini zilipokwisha, Jemadari alikuwa ndani ya hatua ya nne, minara mitatu imesimama.

"Zima," mama alisema bila kuinua kichwa.

Jemadari alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Kisha akazima televisheni. Kioo kikawa cheusi. Chini yake, kwenye mashine, taa ndogo nyekundu ikabaki inawaka.

Aliitazama ile taa. Akamtazama mama. Halafu akavuta kapu la vipande vya vitambaa na kulimwaga taratibu juu ya mashine, mpaka ikazikwa kama muhogo.

"Umezima?"

"Nimezima, mama."

Moyoni alijiambia kwamba si uongo. Televisheni si alikuwa ameizima?

*

Jumanne mama alianza kushona, na fundi anayeshona anataka pasi. Gauni la muuguzi halivumilii mkunjo. Kila mshono lazima upigwe pasi kabla haujaunganishwa na mwingine, la sivyo nguo inakaa mwilini kama gunia. Na pasi inataka soketi. Ya sebuleni ilikuwa na matundu mawili, moja lilikufa miaka mingi iliyopita. Nyingine ilikuwa jikoni nyuma ya friji, mahali ambapo hata kiwiko hakipati nafasi ya kupinda. Kwa hiyo siku zote mama alifanya lile lile: alichomoa waya wa pamoja wa televisheni na mashine, akachomeka pasi.

Jemadari alikuwa anaokota pini alipoona mkono wa mama unakwenda ukutani.

"Mama, usiguse!"

Mama akaruka. "Nini tena?"

Jemadari hakuwa amepanga la kusema. Mdomo ukapanga wenyewe. "Soketi. Ilitoa cheche. Asubuhi, kabla sijaenda shule."

"Cheche?"

"Za bluu."

Hivyo ndivyo uongo ulivyo. Ukishapata mlango wa kuingilia, unaanza kupaka rangi kuta.

Mama aliweka pasi chini polepole. Alimshika Jemadari mabega, akamtazama mikono yote miwili kama anatafuta mahali palipoungua. "Hukuguswa? Una hakika?" Kisha akamvuta kifuani. "Asante, mwanangu. Bila macho yako ningekuwa nimekauka hapo kama dagaa."

Akachukua kiti, akakiweka mbele ya soketi. Juu ya kiti akaweka kipande cha boksi kilichoandikwa kwa chaki ya fundi: HAKUNA KUGUSA. "Plagi ibaki ilivyo. Televisheni isiwashwe. Mpaka Fundi Waya aje."

Mashine ya Jemadari sasa ilikuwa inalindwa na mama mwenyewe. Hata ngome ya hatua ya nne haikuwa na mlinzi kama huyo. Jemadari alipaswa kufurahi. Badala yake alihisi kama mtu aliyejifungia chumbani na ufunguo akautupa nje kupitia dirishani.

Fundi Waya, fundi wa umeme, alipigiwa simu. Akasema ana kazi nyingi, atafika Alhamisi. Mama akavuka barabara na pasi yake mkononi hadi kwa Mama Saluni, jirani yao msusi.

"Leta pasi yako, jirani," Mama Saluni alisema, akachomoa mashine moja ya kukaushia nywele. "Ndoa zinasubiri, sembuse nywele."

Basi ikawa hivi: mama anashona mishono miwili mitatu, anakunja nguo mkononi, anavuka barabara, anapiga pasi, anarudi, anakaa, anashona tena, anainuka tena. Kila safari ilichukua kama robo saa. Na robo saa hiyo Jemadari alifukua mashine, akawasha televisheni bila sauti, akacheza akiwa amepiga goti moja, sikio likiwa mlangoni.

Ndara za mama zilisikika kutoka mbali: pa, pa, pa. Hapo alibonyeza kusimamisha, akazima kioo, akarudisha vitambaa, akashika kitabu. Mara moja mama aliingia akamkuta anasoma jiografia, ramani ikiwa juu chini.

"Milima hiyo haimwagiki?" mama aliuliza, akapita zake.

Hatua ya nne ikaisha. Ya tano ikaisha. Lakini Jemadari aligundua kitu cha ajabu: hakuwa amecheka hata mara moja. Zamani alipobomoa ngome alirusha mikono juu. Sasa ngome ilipobomoka aliangalia mlango.

*

Jumatano mashine ilianza kuvuma. Ndani yake kuna feni ndogo ya kupoza, na feni hiyo, ikiwa imezikwa kwenye vitambaa siku ya tatu, ilikuwa inahema kama mzee anayepanda ngazi. Cherehani ilipokuwa inakwenda haikusikika. Cherehani iliposimama, ndipo taabu ilipoanza.

"Kuna nyuki humu ndani?" mama aliuliza, sindano mdomoni.

Jemadari akakohoa kwa nguvu.

"Nilikuwa nasema, nyuki—"

Akakohoa tena, mpaka machozi yakamtoka.

"Ala! Kifua hicho," mama alisema. Akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha tangawizi kali kiasi cha kuamsha jiwe. "Kunywa yote. Na jioni utakunywa kingine."

Jioni hiyo wenzake walipita kumwita uwanjani kwenye mpira wa pete. Akasema anaumwa kifua. Wakamtazama kwa huruma. Hata huruma ile ilimchoma, kwa kuwa ilikuwa ya bure. Hakuweza kuondoka nyumbani. Je, mama akisogeza vile vitambaa? Je, umeme ukikatika? Taa ya jikoni ikitetemeka kidogo tu, anageuka kulitazama lile rundo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Jemadari ilikuwa ndefu, nyembamba, na kila alipogeuka alikuta ukuta.

Kisha mvua ikanyesha. Mama alifunga magauni manne ndani ya mfuko wa plastiki, akayakumbatia, akatoka. Hakujifunika mwenyewe. Jemadari akawasha kioo. Alikuwa ameimaliza ya sita na kuingia hatua ya saba, na wafanyakazi wake walikuwa wanabeba mawe kutoka machimboni hadi kwenye ukuta, wanarudi, wanabeba tena, bila kuuliza. Yeye ndiye aliyewatuma. Kitufe kimoja tu.

Akainua macho dirishani. Ng'ambo ya barabara, mama alikuwa anatoka saluni, nguo kifuani, kichwa kinachuruzika maji. Anakuja. Atakaa. Atainuka. Atakwenda tena. Naye pia, Jemadari aliwaza, ni mimi niliyemtuma. Tofauti ni kwamba wale wa kwenye kioo hawana magoti ya kuuma.

Katikati ya barabara mama aliteleza. Hakuanguka, ila mfuko ulimponyoka, na gauni moja likachungulia nje na kulamba tope.

Kioo kilikuwa kimeshazimwa mama alipoingia ndani. Alilifua lile gauni, akalining'iniza, akakaa kwenye kiti cha cherehani na kufumba macho kidogo.

"Mangapi yamebaki, mama?"

"Kumi." Akafumbua macho. "Tutayamaliza. Bora nyumba haijaungua."

Jemadari akafungua mdomo. Mwambie, moyo ulimwambia, mwambie sasa hivi. Lakini amwambie nini? Akisema mashine imewashwa, ataulizwa tangu lini. Akisema Jumatatu, ataulizwa kuhusu cheche. Akivuta uzi mmoja, shati lote linafumuka. Akafunga mdomo. Cherehani ikaanza tena, kisha ikasimama. Akakohoa.

"Tangawizi iko jikoni," mama alisema.

*

Fundi Waya alifika Alhamisi alasiri. Alikuwa dada mrefu mwenye ovaroli la bluu na mkanda wa vifaa uliolia kwa kila hatua, kama mbuzi mwenye kengele. Kazi yake aliijua, na utani wake aliujua zaidi.

"Huyu ndiye aliyeona cheche?" alimuuliza mama. "Macho kama haya yanataka kuajiriwa. Haya, mkubwa, zilikuwa za rangi gani?"

"Za bluu," Jemadari alisema kwa sauti ndogo.

"Bluu ni mbaya." Utani ukamtoka usoni. Hakuugusa ukuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye mita karibu na mlango. "Mimi soketi siigusi kabla sijaiuliza mita. Mita haina aibu, inasema. Mama, zima taa zote. Friji ichomoe. Simu kwenye chaja?"

"Haipo."

Nyumba ikanyamaza. Cherehani imesimama, friji imezimika, mvua imekatika. Na katika ukimya ule, chini ya vitambaa, ule mvumo ukaanza kusikika kama mbu sikioni. Jemadari akakohoa.

"Kifua hicho kimeanza jana," mama alimweleza fundi.

Fundi Waya alikuwa ameinama mbele ya mita, anatazama kile kisahani chembamba kinachozunguka. "Bado kinakwenda," alisema. "Polepole, lakini kinakwenda. Nyumba imezimwa yote, na kuna kitu kinakula umeme. Mama, kuna chochote kimewashwa?"

"Hakuna. Televisheni haijawashwa tangu Jumatatu."

Fundi akageuka. Alimtazama Jemadari, si kwa kumshuku. Alimtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. "Wewe ndiye jicho la nyumba hii. Kuna kitu kimewashwa?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lilitakiwa.

"Hapana," Jemadari alisema.

"Basi umeme unavuja ukutani." Fundi Waya alinyooka, akajifuta mikono. "Hili si la mchezo, mama. Nakata umeme wote, nafunga swichi kubwa, na kesho jioni nakuja na mwenzangu tupasue ukuta. Mpaka hapo msiwashe hata taa. Na mimi nisingelala humu."

Mama alitazama meza. Magauni manane yalikuwa hapo, yameshonwa nusu, mikono imelala pembeni kama imechoka. Dirishani mwanga ulikuwa unafifia. Bila taa hakuna kushona, na bila kushona hakuna Ijumaa saa nane.

"Wauguzi wanane watahitimu bila sare," mama alisema taratibu, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akavuta pumzi. "Kata, dada. Nitakwenda kwa mkuu wa chuo nimweleze. Nguo nitashona nyingine maisha yangu yote. Mtoto ninaye huyu mmoja."

Fundi Waya akainua mkono kwenye swichi kubwa.

Jemadari alifanya hesabu ya haraka, hesabu ya kijemadari. Swichi ikishuka, gemu inakufa. Hatua ya saba inakwenda, askari wake sitini na wanne wanakwenda. Hilo halina dawa tena. Lakini siri itabaki salama. Kesho watapasua ukuta, hawatakuta kitu, watasema umeme una mambo yake. Hakuna atakayejua. Akisema, hapati chochote. Akinyamaza, hapotezi zaidi ya alichokwisha kupoteza.

Ila mama. Mama alikuwa ameanza kukunja yale magauni manane, moja juu ya jingine, kwa uangalifu ule ule, kama vile bado kuna mtu atakayeyavaa.

"Fundi, subiri!"

Wote wawili wakageuka. Jemadari alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya televisheni. Alivuta vitambaa kwa mikono miwili, vyekundu, vya njano, vya maua, vikaruka huku na huko, mpaka mashine ikaonekana, nyeusi, inavuma, taa yake nyekundu imekodoa.

"Ni hii," alisema. "Ukuta hauna kitu. Cheche hazikuwepo. Nilidanganya."

Fundi Waya alisogea, akaweka kiganja juu ya mashine, akakiondoa upesi. Kisha akaokota kipande cha kitambaa kilichokuwa kimelala chini kabisa na kukiinua kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe, ila ukingo wake ulikuwa umegeuka kahawia.

"Shika," alimwambia Jemadari. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi. "Mashine inahema kwa matundu haya ya pembeni. Ukiifunika, inajipika. Ulidanganya kuhusu moto, mkubwa, huku unauwasha mwenyewe. Siku mbili zaidi, na cheche ungezipata za kweli."

Jemadari akavuta vitambaa vilivyobaki mbali na mashine.

"Nani anachomoa?" fundi aliuliza.

"Mimi."

Alisogeza kiti na kile kipande cha boksi, akashika plagi, akavuta. Mvumo ukashuka, ukashuka, ukakatika. Taa nyekundu ikafa. Hakukuwa na kishindo wala tarumbeta. Kule mlangoni, kisahani cha mita kikasimama.

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akavua ndara, akakanda kidole gumba cha mguu.

"Safari ngapi?" aliuliza.

"Zipi, mama?"

"Za kwenda saluni wewe ukiwepo. Wewe lazima ulizihesabu, kwa sababu ndizo zilikuwa nafasi zako. Ngapi?"

Jemadari alitazama chini. "Thelathini na moja."

"Mimi nilidhani ishirini," mama alisema. "Nilikuwa najiuliza mbona miguu inakataa."

Hapo ndipo Jemadari alipolia, kilio cha kweli, kisichokuwa na kikohozi ndani yake. Mama alimwacha alie mpaka akamaliza. Fundi Waya akajifanya anakagua soketi, akaikagua mara mbili, akafungasha vifaa vyake. Alipofika mlangoni alisema, "Soketi nzima. Ila lile tundu lililokufa nitalifufua wiki ijayo. Na wewe mkubwa, siku hiyo utanishikia tochi. Macho yako bado nayaamini, mdomo ndio tutauangalia."

Mama aliinuka, akachomeka pasi. "Futa uso. Njoo hapa."

"Mama, mimi naona tupange hivi: kwanza tumalize mikono yote, halafu—"

"Hapa hakuna jemadari," mama alisema. "Hapa kuna pasi."

Jemadari akashika pasi. Mama anashona, anamrushia, yeye ananyoosha mshono, anamrudishia. Pasi hiyo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na mvuke wake uliunguza vidole. Mpaka wakati wa kulala yalikuwa yamekamilika matano. Alfajiri, kabla ya shule, la sita. Mama akamalizia mawili peke yake asubuhi.

*

Ijumaa, saa nane kasorobo, magauni kumi na manane yaliingia chuoni yakiwa yamening'inizwa kwenye ufito mrefu, mama ameshika ncha moja na Jemadari ameomba ruhusa shuleni kushika nyingine. Msimamizi aliyapitia moja moja, akageuza mishono nje, akasema, "Fundi, hukosei." Mama akamjibu kwamba safari hii nusura.

Wakati wa kurudi, mama alisimama mbele ya saluni. "Ingia."

"Wewe huingii?"

"Mimi sikudanganya mtu. Uongo uliusema kwangu, lakini waliobeba mzigo ni wengi. Nitakungoja hapa."

Jemadari aliingia. Mama Saluni alikuwa anasuka, na kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama majani, alikuwa amekaa Redio. Alikuwa na ruhusa ya homa.

Kati ya watu wote duniani! Jemadari alitamani kurudi nyuma. Lakini mlango uliobaki wazi nyuma yake ulikuwa na mama.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Soketi imepona?"

"Haikuumwa," Jemadari alisema. Na akaeleza yote, kuanzia Jumatatu, bila kupaka rangi. Mikono ya Mama Saluni ikasimama kwenye nywele. Macho ya Redio yakazidi kupanuka, kama mtu anayeongezewa sauti.

"Siku tatu," Mama Saluni alisema alipomaliza. "Siku tatu mashine yangu moja imelala, wateja wangu wanakaushwa na upepo wa mlangoni. Mmoja ameondoka hapa kichwa kimelowa, akaniambia harudi. Nimeudhika, sitakuficha."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusikia." Akachana kidogo, akasimama tena. "Ngoja nikwambie kitu. Uongo ni mfugo. Ukishaufuga, lazima uulishe kila siku. Jumatatu uliupa neno moja, Jumanne ukataka soketi, Jumatano ukataka kifua chako, jana ulitaka kula kazi ya mama yako. Haushibi. Ukweli unauma, ndiyo, unauma kama kusukwa. Lakini unauma mara moja, na ukiinuka kitini kichwa ni chako."

"Kweli," Redio alisema, akikunja uso, maana kifundo cha nywele kilikuwa kimevutwa. Kisha hakuweza kujizuia: "Kwa hiyo ulifika hatua ya saba?"

"Nilifika."

"Shahidi nani?"

"Hakuna."

"Na kesho?"

"Kesho hakuna kitu cha kuona. Mashine imefungwa kwenye boksi mwezi mzima. Ikitoka, naanza ya kwanza, na ninazima kila siku kama zamani. Pengine sitamaliza kamwe."

Redio alifikiri, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Basi njoo uwanjani kesho asubuhi. Tumepungukiwa mdakaji, na kifua chako nasikia kimepona."

Mama Saluni akacheka mpaka kitana kikamdondoka. Jemadari naye akacheka, na akashangaa jinsi kicheko kilivyotoka chepesi, bila kutazama mlango.

Alipotoka nje, mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya saluni, miguu ameinyoosha mbele.

"Umesema yote?"

"Yote. Mama, kesho naweza kwenda uwanjani?"

"Pini kwanza."

"Pini kwanza."

Wakavuka barabara pamoja, polepole, kwa mwendo wa miguu ya mama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, hakukuwa na kitu chochote nyumbani alichopaswa kukilinda.